Mashine Iliyoishitaki Mihogo

Nina hasira, na ninaitanguliza mapema ili mtu asije akadhani ni uzee. Uzee nimeuzoea. Aliyeniwashia moto ni mjukuu wangu Eliya, kijana wa kazi za maji kama nilivyokuwa mimi, aliyenitembelea hapa Kasulu wiki iliyopita akanionyesha simu yake. Kwenye kioo kulikuwa na mstari unaopanda na kushuka.

"Babu, huu ni mto," akasema. "Uko huko Kibondo, na mimi nauona hapa nimekaa kwenye kiti chako."

"Umeshawahi kuuona kwa macho?"

"Si lazima. Kifaa kinatuma chenyewe."

Si lazima, anasema. Basi sikilizeni, wewe Eliya na wenzako wote mnaosoma mito mkiwa mmekaa vitini. Mimi pia niliwahi kuwa na mashine ya kunichorea mstari, miaka ya sabini, baba zenu wakiwa bado wanabebwa mgongoni. Mstari ule ulifukuza watu kwenye mashamba yao. Wala haukuwa mstari wa uongo, na watu wale hawakuwa na kosa. Mkishindwa kuelewa mambo hayo mawili yanavyoweza kuwa kweli kwa pamoja, acheni kazi hii mkauze vocha.

Kazi yetu ilikuwa kupima mashapo, yaani udongo unaosafiri ndani ya maji bila kutulia chini. Kabla ya mashine tulipima kwa mkono. Aliyenifundisha ni Mzee Nathanaeli, Muha wa hapa hapa Kasulu, mfupi wa kimo na mrefu wa sauti. Unasimama darajani, unateremsha chupa kwa kamba, taratibu, kwa mwendo mmoja, mpaka karibu na sakafu ya mto, kisha unaipandisha kwa mwendo huo huo. Chupa isijae. Ikijaa imeshaanza kukudanganya, maana maji yanaendelea kuingia na kutoka huku udongo ukibaki unajilundika ndani. Kila kijana huijaza, akidhani chupa iliyojaa ndiyo kazi iliyokamilika. Mzee Nathanaeli aliipokea, akaitazama, akaimwaga miguuni pako, nawe ukarudi mtoni.

Alitufundisha pia kupima kwa meno. Unaweka tope kidogo kati ya meno ya mbele. Likikwaruza lina mchanga mwembamba, likiteleza ni udongo wa mfinyanzi. Mke wake alizoea kusema kwamba ameolewa na mtu anayekula mito. Lakini ukilijua tope kwa meno, nusu ya safari ya kujua lilikotoka umeshaimaliza. Shamba lina tope lake. Ukingo unaobomoka una lake. Barabara iliyochongwa mlimani bila mitaro ina lake, jekundu, kali, na hilo nitalirudia maana nalo limo katika hasira yangu.

Mashine ililetwa na mradi niliohamishiwa, ofisi yake ikiwa hapa Kasulu. Mkuu wetu jina lake silitaji. Ameshakufa, na wajukuu zake hawajanikosea. Alikuwa mtu wa kupiga pasi hata soksi, na aliipenda mashine ile kuliko alivyotupenda sisi sote kwa pamoja.

Ilikuwa na jicho na mdomo. Jicho lilikuwa bomba fupi lililozamishwa majini, upande mmoja lina balbu ndogo, upande wa pili lina kidude cha kupokea mwanga. Maji yakiwa maangavu, mwanga unapita, na kalamu inachora mstari wake chini kabisa ya karatasi. Maji yakiwa machafu, mwanga unazuiwa, na kalamu inapanda. Mdomo ulikuwa mpira wa kunyonya maji. Saa ikifika, pampu inajaza chupa moja, baadaye nyingine, zote zimepangwa kwa duara ndani ya sanduku la bati, nasi tunazipeleka maabara zikachujwe na kupimwa uzito wa kilichomo. Vyote hivyo viliendeshwa na betri ya gari. Watu wa huko waliiita Karani, kwa sababu ilikaa kutwa ikiandika bila kumsalimu mtu.

Tuliisimika kwenye kijito cha Kahambwe, upande wa Kumsenga, chini kidogo ya bonde walikolima watu. Tukajenga ukuta mdogo wa saruji kukatiza kijito, maji yakatuama nyuma yake yakawa kidimbwi, jicho likakaa humo. Siku ya kuiwasha mkuu alitoa hotuba kwa vyura.

Hamtaki kusikia jinsi Karani alivyotutesa, lakini nitawaambia kwa sababu vifaa vyenu vina magonjwa yale yale ila yamevaa suti. Jicho lolote linalokaa majini huota utando wa kijani, wa kuteleza. Utando ukizidi, mwanga haupiti, na mashine inaandika kwamba mto umechafuka. Panguseni kwa kitambaa laini cha pamba kilicholowa, wala si kwa kidole, maana kidole kina mafuta. Sisi tulitumia vipande vya kanga kuukuu. Jifunzeni pia sura za mstari. Utando hupandisha mstari polepole, siku baada ya siku. Jani likinasa, mstari unaruka ghafla na kukaa huko juu. Kaa akiingia kwenye mpira, chupa zote zinarudi tupu, na ukimvuta anakubana kidole kana kwamba wewe ndiye uliyeingia kwake. Mpira elekezeni mdomo wake kule maji yanakokwenda, msiuelekeze kule yanakotoka, utaziba mara chache zaidi.

Na watu wana sura yao kwenye mstari, kwa kuwa watu wana saa zao. Kulikuwa na kilima kidogo kwenye karatasi zetu kilichojitokeza kila siku, jioni, wakati ule ule. Mkuu alisema ni ng'ombe wanaonyweshwa. Mimi nilikwenda kumwuliza Filemoni, mlinzi wetu, mtu wa Murungu, tuliyemwajiri, na kituo tukakizungushia waya wa miba, baada ya betri ya kwanza kuibwa.

"Filemoni, una redio?"

"Ego, ninayo."

"Inatumia betri gani?"

Akatazama mlimani. "Hii hii ya serikali. Lakini ni taarifa ya habari tu, ndugu fundi. Muziki sisikilizi."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Filemoni akifungua taarifa ya habari, betri inalegea, balbu inafifia, jicho linaona giza, kalamu inapanda. Kila habari za ulimwengu zikisomwa, mto Kahambwe unachafuka. Nilimkataza, naye akatii, nami nikaondoka na somo ambalo nataka mlishike hata mkisahau mengine yote: Karani halijui tope. Anajua giza tu. Chochote kitakachoziba mwanga yeye atakiita tope, na ataapa.

Sasa nakuja kwenye shina la hasira.

Bonde lile juu ya kituo lililimwa zaidi na familia za Warundi waliokuwa wamevuka mpaka miaka michache nyuma, wakikimbia mauaji kwao. Wenyeji waliwaonyesha bonde, nao wakachimba vijitaro na matuta, wakapanda maharage, viazi vitamu na kabichi. Kiangazi, wakati ardhi ya mlimani imekauka na jembe linaruka, bonde linakuwa kijani. Ndiko alikolima Mama Domitila, mjane aliyefika na binti yake mmoja, Esperansi, na sufuria. Nilimzoea kwa sababu njia ya kituoni ilipita kando ya shamba lake, na hakuniacha nipite bila kiazi cha kuchoma. Bonde hilo ndilo lililokuwa maisha yake. Akitolewa hapo hana pengine ila mlimani, na mlimani hakuna maji.

Kiangazi kilipokolea, mstari wa Karani ulipanda. Haukuruka kama jani, haukuwa na saa kama watu. Ulipanda ukakaa juu, usiku na mchana, ukishuka kidogo na kupanda tena. Na mvua hakuna. Mkuu alizibandika karatasi ukutani akawa anazitazama mikono nyuma.

"Umeona?" akaniambia. "Wanalima mpaka ukingoni. Wanauua mto."

"Ndugu, tope gani hilo linateremka bila mvua?"

"Ndiyo maana tuna mashine. Inaona usichokiona wewe."

Wageni waliotoa mashine walikuwa njiani kuja kuiona. Mashine iliyomkamata mhalifu katika kiangazi chake cha kwanza ingeleta mashine nyingine, pengine na Landrova. Mhalifu alikuwa tayari, na wa kufaa sana: mtu asiye na ukoo hapa, asiye na wa kumsemea, ambaye ukimwambia panda lori anapanda, kwa kuwa ameshafunzwa na maisha kupanda malori. Mkuu aliwaandikia wakubwa wa wilaya kabla chupa hazijachujwa. Kumbukeni hilo. Hukumu ilitoka, ushahidi ukiwa bado kwenye foleni ya maabara.

Maabara yetu ilikuwa chumba kimoja chini ya Bi Mwanaidi, binti wa wenye duka hapa mjini, wenye ndugu zao Tanga, aliyesomea kazi hiyo Dar es Salaam na kurudi. Mimi nimefanya kazi na watu wengi, sijaona mkono uliotulia kama wake juu ya mzani. Alituma mtu kuniita.

"Kaka, njoo unuse," akasema.

Aliniwekea mbele karatasi za kuchujia zilizokaushwa. Juu yake kulikuwa na unga mweupe, mwembamba mno.

"Huyo Karani wenu anapiga kelele, mzani wangu hausemi kitu," akasema. "Weupe upo, uzito hakuna. Nusa hii chupa ambayo sijaichuja."

Nikanusa. Harufu niliijua tangu nikiwa mgongoni mwa mama yangu.

"Imechacha," nikasema.

"Na tope halichachi, kaka."

Kesho yake nilipanda kwenda Kahambwe bila kumtumia Filemoni salamu za kumwandaa. Nilifika asubuhi, jua limeshapanda. Ndani ya waya wa miba, ndani ya kidimbwi cha serikali, nyuma ya ukuta wa saruji uliojengwa kwa fedha za ng'ambo, kulikuwa na vikapu. Vikapu vya mihogo, vimejaa, vimegandamizwa kwa mawe, vimepangwa vizuri kwa safu, na kile cha mwisho kinagusa jicho la Karani. Maji kuzunguka vikapu yalikuwa meupe kama uji mwepesi. Filemoni alikuwa amekaa kivulini mwa sanduku la chupa akichonga mpini.

Kwa ninyi mliokulia mjini: mihogo yetu mingi ya huku ni michungu, na uchungu wake ni sumu. Unaimenya, unailoweka kwenye maji siku kadhaa mpaka ilainike na kuchacha, ndipo unaianika na kuitwanga. Kila kijito cha huku Buha kina vidimbwi vyake vya mihogo. Na kila kidimbwi kina wezi wake, kwa kuwa mihogo iliyokwisha kulowekwa ni chakula kilichobakiza jua tu. Sasa serikali imekuja, imejenga kidimbwi kizuri kuliko vyote, imekizungushia waya, imekiwekea mlinzi wa mshahara. Mngefanya nini ninyi? Mimi pia ningeleta kikapu.

"Filemoni," nikasema, "hii nini?"

"Imyumbati ya akina mama."

"Naona. Inafanya nini hapa?"

"Ilikuwa inaibwa huko juu. Wakaniomba. Mimi nalinda betri, na mihogo inalindika humo humo, haikuniongezea kazi."

Hakuona kosa, na hakukuwa na kosa. Hakuna aliyewahi kumwambia Karani anatazama nini. Tulimwambia tu asiruhusu mtu kugusa mashine, na vikapu havikuigusa, ila hicho kimoja. Akina mama walimwachia kiasi cha unga kila walipotoa mihogo yao, kwa hiyo kazi ile ilikuwa inamlipa vizuri kuliko sisi tulivyomlipa.

Nilicheka tena, lakini kicheko hicho kilikatika njiani. Nilikumbuka karatasi ukutani kwa mkuu.

Mama Domitila alikuja amebeba kikapu kingine. Nikamweleza jinsi jicho linavyofanya kazi, nikaweka mkono mbele ya taa, nikamwonyesha kalamu inavyopanda. Alitazama muda mrefu.

"Basi ni sisi tulioharibu mto, mwana wanje?" akauliza, akiniita mwanangu kwa Kirundi chake.

"Hapana, mama. Mmeziba dirisha tu."

Tulifanya jambo la akili, na ninajivuna nalo. Mimi, Filemoni na akina mama tuling'oa nguzo za upande wa chini, tukausogeza waya hatua chache kuteremka, tukaihamishia mihogo chini ya ukuta, maji yanapotoka. Ikawa bado ndani ya ulinzi, lakini Karani haioni tena. Nikapangusa jicho. Nikakaa huko mpaka maji yakajisafisha, na mstari ukashuka mbele ya macho yangu, ukafika chini, ukalala. Siku zilizofuata haukunyanyuka. Bonde lote lilikuwa bado linalimwa, majembe yanalia, na mstari umelala. Hakuna jaribio safi kuliko hilo. Tope la wakulima halikuwepo.

Niliteremka Kasulu na karatasi hiyo nikiwa na furaha ya kijinga, nikidhani nabeba habari njema. Bi Mwanaidi alikuja nami na karatasi zake za kuchujia kwenye sahani.

Mkuu alisikiliza. Namshukuru kwa hilo, alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mihogo nayo ni uchafu."

"Ndugu, mashine imenunuliwa kupima udongo."

"Uchafu ni uchafu. Na huo uchafu umetiwa na nani? Ni wao hao."

"Wameshauhamisha. Tazama mstari."

"Wataurudisha. Na barua imeshakwenda, wakubwa wamekubali, lori limepangwa. Unataka nikawaambie nini? Kwamba mradi ulikuwa unapima ugali?"

Bi Mwanaidi akaweka sahani yake mezani. "Mimi ninapima ninacholetewa," akasema. "Na nilicholetewa ni ugali."

Mkuu akamwambia achukue sahani yake. Aliijua kweli, wanangu. Hilo ndilo linalonikereketa mpaka leo nikiwa nimelala kitandani. Laiti angekuwa mjinga, ningemsamehe. Mjinga unamfundisha. Yeye alielewa kila kitu, hata alielewa haraka kuliko mimi, akaona kwamba ukweli ungemwaibisha mbele ya wageni, na uongo ungemgharimu Mama Domitila peke yake. Akapima. Naye alikuwa na mzani wake.

Nilikwenda kwa viongozi wa kijiji. Walinionea huruma, wakasema amri si yao. Nikaenda wilayani, nikakaa kwenye benchi mpaka nikafukuzwa kwa adabu. Mkuu aliposikia akanihamishia stoo kuhesabu mabomba. Niliyapata haya yaliyofuata kwa Filemoni, aliyekuja mjini kuchukua mshahara.

Lori lilikuja maharage yakiwa kwenye maua. Watu wakaambiwa ni kwa ajili ya mto, kwamba mashine ya serikali imeonyesha mto unakufa kwa sababu yao. Hawakubishana. Mama Domitila aliuliza tu kama anaweza kungoja mihogo iliyo majini itoke. Akaambiwa aichukue kama ilivyo. Akaitoa ikiwa bado migumu, maji yanachuruzika, akaipakia. Wakapelekwa mlimani, mwendo mrefu kutoka maji yoyote, kwenye kokoto.

Wageni walikuja baadaye, kabla ya mvua. Mkuu aliwabandikia karatasi mbili ukutani, moja ya mstari uliopanda, nyingine ya mstari uliolala. Juu ya ya kwanza aliandika "Kabla", juu ya ya pili "Baada". Na karatasi ya "Baada" ilikuwa ile ile yangu, niliyomletea watu wakiwa bado bondeni na majembe mkononi. Alikuwa amekata kwa mkasi ule ukingo wenye tarehe. Wageni walipiga makofi. Mimi nilikuwa mlangoni, nimeitwa kubeba soda.

Kisha mvua ikanyesha. Juu kabisa ya Kahambwe kulikuwa na barabara mpya iliyochongwa mlimani, bila mtaro hata mmoja. Sote tulikuwa tunaijua, tulipita juu yake kwenda kazini. Mvua ya kwanza kubwa iliteremsha ule udongo mwekundu wote kwa mchana mmoja. Filemoni alisema kijito kilipita juu ya ukuta kikinguruma na mawe ndani yake. Na Karani, aliyeona unga wa mihogo wakati wa kiangazi, alifukiwa. Tope liliziba mpira, likajaza bomba la jicho, betri ikazama, kalamu ikasimama. Siku ile pekee ambayo mto ulikuwa na la kusema, mashine ilikuwa chini ya udongo. Wakaandika kwamba kifaa kina hitilafu. Nililiweka tope lile katikati ya meno yangu mwenyewe. Lilikwaruza. Lilikuwa barabara tupu, hakuna hata chembe ya shamba. Nikasema, nikaambiwa nirudi kwenye mabomba.

Kwa hiyo, Eliya, ukiniambia si lazima kwenda, mwanangu, damu inanichemka. Kifaa chako ni kizuri kuliko Karani, sikatai. Kinatuma kwa simu, hakiibiwi betri, labda kinajipangusa jicho chenyewe. Lakini bado kinaona giza, na kati ya giza na neno "tope" kuna mtu anayeandika neno hilo, na mtu huyo ana wakubwa, na wakubwa wana wageni. Mto ukikuambia jambo la ajabu kiangazi, vaa viatu uende. Nusa. Weka katika meno. Uliza wanaokaa pale wanafanya nini na maji, uliza kama unauliza kwa mama yako, si kama askari. Na ukishajua, usiikabidhi karatasi yako kwa mtu mwenye mkasi bila kubaki na nyingine.

Nilikwenda mlimani kiangazi cha mwaka uliofuata. Haikuwa rahisi kuwapata. Mama Domitila alikuwa amejenga nyumba ya udongo, na uani kulikuwa na mtungi mmoja wa maji aliyokuwa anayateka mbali na kuyabeba kichwani, mtungi wa kunywa, wa kupikia, na wa kulowekea mihogo. Kila mara mihogo ililala majini usiku mmoja tu, kisha maji yakahitajika kwa jambo lingine. Waliila hivyo, kwa kuwa njaa haingoji. Katika miezi ile Esperansi aliamka asubuhi moja akashindwa kusimama. Muuguzi wa zahanati aliitambua: ni mihogo isiyokaa majini ya kutosha, na miguu ikishakakamaa hivyo haina dawa. Alikuwa msichana mkubwa, wa kuolewa.

Mama Domitila alinitolea kigoda. Akaniletea kiazi, sijui alikitoa wapi. Aliniuliza habari za Filemoni, akaniuliza habari za nyumbani kwangu. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Mwana wanje, na mto umepona?"

Hakuwa ananisimanga. Aliuliza kama mtu anavyouliza hali ya mgonjwa aliyemwambukiza. Alikuwa ameamini. Walimwambia mikono yake inauua mto, naye akaondoka kwenye maharage yake akiona ni haki, na mwaka mzima, akipanda kilima na mtungi kichwani, alijifariji kwamba angalau huko bondeni mto unapona.

Nikamwambia, "Mama, mto haukuwa mgonjwa."

Alinitazama. Kisha akageuka akamtazama Esperansi, aliyekuwa anavuka ua kwa ncha za vidole vya miguu, ameshika ukuta.